Maketi Niliyoivusha Kwenda Idjwi

Kabla hamjaniuliza, nawajibu. Ndiyo, nilisomea usanifu wa majengo Kinshasa na nikarudi na diploma. Na hapana, hakuna nyumba hata moja hapa Bukavu ambayo naweza kuinyooshea kidole nikasema niliichora mimi. Vibao vya maduka, vingi. Kaunta za baa, makabati, magari yaliyopambwa kwa ajili ya gwaride, majukwaa ya siku moja. Viti pia, ingawa habari za viti ningependelea zisahaulike.

Mnapokuja hapa kwangu, ninyi vijana wa usanifu, na picha zenu kwenye mashine, mnaizungusha nyumba kwa kidole, nami natikisa kichwa kwa sababu kweli ni kazi safi. Kisha nawauliza swali langu lilelile: watu wako wapi? Mnacheka. Mnasema, muzee, watu tutawaweka mwishoni. Leo nitawaeleza kwa nini nimeling'ang'ania swali hilo, na kwa kuwa sijawahi kueleza jambo bila kupinda njiani, mtanivumilia.

Tulikuwa wawili, mimi na Balagizi, tuliyesoma naye darasa moja. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na maneno. Tuliporudi kutoka Kinshasa tulidhani mji mzima unatungoja. Wapi! Waliokuwa na pesa walirithi nyumba za Wabelgiji kando ya ziwa, na wasiokuwa nazo walijenga na fundi wao bila kuona karatasi. Basi tukafungua ateliye, karakana yetu, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, si mbali na soko la Nyawera. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kibao chetu wenyewe, chenye majina yetu yote ya ubatizo. Rangi haijakauka vizuri, redio ikatangaza kwamba majina ya kizungu yamekwisha, kila mtu achukue la mababu. Kazi yetu ya pili ikawa kukipaka upya kibao kilekile.

Haya, viti. Mwenye baa mmoja wa Nyawera alitaka viti ishirini. Nilivichora vya miguu mitatu, vyembamba, vya kisasa, nikamwambia Balagizi kwamba mguu wa nne ni woga tu. Balagizi alikuna kichwa, akasema mtu aliyekaa hatulii. Sikumsikiliza. Wiki ya pili yule bwana alivirudisha kwenye mkokoteni, watu wa soko wakitazama, akatuambia kwa upole kabisa: "Hivi viti vilitengenezwa na batu benye habakunywaka." Alimaanisha watu wasiokunywa pombe, maana wateja wake walikuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokunywa Fanta. Balagizi alivitia mguu wa nne vyote bila kunisema neno. Ningefaidika kama angenisema.

Lakini sifa yetu ilikuwa maketi, zile nyumba ndogo za kuonyesha. Ninyi mna plastiki na mashine ya kukatia. Sisi tulikuwa na mafunjo ya bondeni. Ukilimenya funjo, ndani mna moyo mweupe, mwepesi, unaokatika vizuri kwa wembe mpya, na wembe ukianza kukwaruza badala ya kukata unautupa hapohapo, usione uchungu. Vioo vya madirisha vilitoka hospitali: picha za eksirei zilizotupwa, tunazichemsha na maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo, mpaka mbavu za mgonjwa zitoke na ibaki karatasi angavu. Kuta ni maboksi ya sabuni. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, na hapo mjifunze kwa kosa letu, kwamba ukitumia muhogo bila kutia dawa kidogo ya wadudu, panya watakula jengo. Padri mmoja alikuja kuchukua maketi ya kanisa lake akakuta mnara haupo. Tulimwambia bado tunaufikiria.

Sasa niwaeleze kosa ambalo halichekeshi.

Ilitangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atapita Bukavu. Bwana mmoja wa ofisi fulani, sitaitaja, alikuja ateliye na abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa wakati ule, iliyopigwa pasi, akaagiza maketi ya jengo la uzazi la kisiwa cha Idjwi. Balagizi aliuliza kiwanja kiko upande gani wa kisiwa, ili ajue mteremko. Yule bwana alicheka, wala si kwa ubaya, akamwita raia kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

"Sitwayeni, hii iko ya kuonyesha," alisema. "Mukubwa ataiona, batamupiga nayo picha, imeisha."

Naomba mlishike hilo. Tulijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna jengo.

Hata hivyo tuliifanya kwa moyo wote, na labda ubaya ulianzia hapo. Wiki tano hatukugusa kazi nyingine. Balagizi alitengeneza vitanda kumi na viwili, kila kimoja kirefu kama upana wa vidole viwili tu, na paa linaloinuliwa ili mtu aone vyumba. Mimi nilichora. Korido iliyonyooka ilinikumbusha kambi ya askari, kwa hiyo niliikunja katikati kwa kona kali, na juu ya kona nikaweka dirisha la kuingiza mwanga. Nilikuwa nainama juu ya meza naitazama kutoka juu, hivi, mikono nyuma, najisikia mtu.

Mkubwa alisimama mbele yake muda wa picha moja. Akauliza choo kiko wapi, hakungoja jibu, akapita. Siku tatu baadaye ofisi ilituambia tuje tuiondoe kwa sababu inajaza ukumbi.

Balagizi alitaka tuiweke juu ya kabati. Mimi nilitaka iende Idjwi. Nilisema ni haki ya watu wa kule kuiona, na maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini ukweli nilitaka mtu mmoja tu aitazame kwa muda mrefu kuliko picha. Nilikuwa na kiu ya kusifiwa, vijana, na kiu hiyo haina aibu.

"Utabaambia nini?" Balagizi aliniuliza.

"Nitabaambia iko projet, mupango tu."

"Ukibaonyesha nyumba, bataona nyumba," alisema. "Ile neno yako ya projet itabakia huku Bukavu."

Alikataa kwenda. Lakini alitengeneza sanduku la kuibebea, lenye mto wa nyasi ndani, maana kazi yake aliipenda hata alipokuwa amekasirika.

Nilivuka na mtumbwi wa mota, sanduku magotini, nikiwakatalia abiria wenzangu wasiliwekee kuku juu. Kule Idjwi mwalimu wa shule ya msingi alinipokea, akaniwekea meza uwanjani, na watu wakaja kutoka shambani na majembe yao. Nilipoinua paa walisema "Eee" kwa pamoja, ile sauti ndefu ya kwao. Sitawaficha kwamba nusura nilie kwa furaha. Wote waliitazama kama mimi, kutoka juu.

Isipokuwa mmoja. Maman Nsimire alikuwa mkunga wa mlima ule, mama mnene wa miaka kama hamsini, na nusu ya watu waliosimama pale yeye ndiye aliyewapokea duniani. Aliomba meza iondolewe na maketi iwekwe chini. Kisha alijilaza kwa tumbo kwenye majani, shavu ardhini, akaitazama kupitia mlango. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alimwomba mwalimu kiberiti, akachukua njiti mbili, akazifunga kwa uzi wa kitambaa chake zikawa kipoyi, ile machela ya fito ambayo watu wanne wanaibeba mabegani kumpeleka mgonjwa. Ndivyo walivyowabeba wajawazito kule, mlima baada ya mlima hadi ziwani, na wakifika ziwani wanangoja mtumbwi, na upepo ukiwa mbaya wanangoja sana. Alikiingiza kipoyi chake mlangoni, akakisukuma kwa kidole kwenye korido yangu. Kwenye kona kikakwama. Akakirudisha, akajaribu tena kwa kukigeuza. Kikakwama tena.

"Papa, hapa mugonjwa atageuka namna gani?" aliuliza.

Ningeweza kusema: mama, umenifundisha. Ni maneno mawili. Badala yake nilimjibu, mimi kijana wa diploma, kwamba katika jengo la kisasa wagonjwa huingia wakitembea.

Alinyanyuka akajipangusa majani. "Mama mwenye anaweza kutembea," alisema, "anazalia kwake."

Niliona aibu, nikaifunika kwa kuzungumzia mabati na saruji. Ndipo mzee mmoja akauliza serikali itaanza lini kujenga, na wao wafanye nini wakati wanangoja. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Macho yote yalikuwa kwangu, na yalikuwa macho mema. Nilisema: "Nyumba inaanzaka na mawe."

Sikusema litajengwa. Miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba ukinikagua neno kwa neno sikudanganya. Nilimwachia mwalimu fimbo niliyoikata mita moja kamili, nikamwonyesha kwamba upana wa kidole kwenye maketi ni fimbo moja ardhini. Nikawaachia na maketi yenyewe, nikisisitiza mtu asiiguse wala kubadilisha kitu. Kisha nikapanda mtumbwi.

Ninyi hamkuiona salongo. Wakati ule siku moja ya juma ilikuwa ya kazi ya wote, kufyeka barabara, kuzibua mifereji, na wengi tulijificha. Watu wa mlima ule hawakujificha. Kila salongo walishuka ziwani, wakapanda na mawe vichwani. Nilizipata habari hizo sokoni Nyawera kwa wanawake wa Idjwi wanaouza mananasi. Mmoja alinitambua, akanisalimia kwa heshima kubwa, akasema mawe yanapanda vizuri. Nilimshukuru. Juma lililofuata nilipita njia nyingine. Mwisho niliacha kabisa kula mananasi, na mke wangu alidhani tumbo linaniuma.

Balagizi hakunipigia kelele. Kila habari mpya ilipofika alikuwa anasimamisha randa, anasema, nenda ubaambie. Nami nasema nitaenda, ngoja tumalize kabati hili. Mara moja nilikwenda ofisini kwa yule bwana wa abakosti. Alikuwa amehamishwa, na aliyekaa kwenye kiti chake hakujua ninazungumzia Idjwi ipi. Nilitoka pale nimefarijika, hebu fikirini, kama mtu aliyejaribu.

Masika mawili yalipita hivyo. Asubuhi moja nilimkuta Balagizi anatia misumeno yake kwenye gunia. Alikuwa amepata kazi katika mji wa Sange, ghala la mpunga, paa kubwa. Aliniambia kwamba siku nitakayokwenda Idjwi nimtumie habari, atakuja. Nilibaki peke yangu na kibao chenye majina mawili.

Mwishowe mmoja wa wale mama wa mananasi alikuja hadi mlangoni pa ateliye na kikapu chake. Kazi ya mawe imekwisha, alisema, na Maman Nsimire anauliza mabati yatakuja lini. Hakukuwa tena na njia nyingine ya kupita. Kesho yake nikavuka.

Vijana, nimeona majengo mengi, lakini ni hapo tu nilipopata kuingia ndani ya mchoro wangu mwenyewe. Juu ya mlima, mahali palipo wazi, kuta zilikuwa zimepangwa kwa mawe makavu mpaka magotini. Mlango ulikuwa pale, chumba cha dawa pale, nafasi za vitanda kumi na viwili. Nilipima kwa hatua zangu. Hawakukosea hata nusu mita. Isipokuwa korido. Korido ilikuwa pana, na ilinyooka moja kwa moja kutoka mlangoni hadi chumba cha kuzalia, bila kona.

Maman Nsimire alikuwa amekuja nyuma yangu na watu kama kumi. Nilimuuliza ni nani aliyebadilisha.

"Ni mimi," alisema. "Ulikataza tuguse maketi. Mawe, yo iko yetu."

Hapo nilisema. Nilisimama katikati ya korido yake nikawaambia kwamba mabati hayaji, kwamba hakukuwa na jengo tangu siku ya kwanza, kwamba nililijua hilo nilipowaletea sanduku. Nilitaka wanitukane. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliketi juu ya ukuta, akaanza kuokota vipande vidogo vya mawe, anavipanga.

Maman Nsimire alisema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

"Papa, ni nani alikuomba nyumba kubwa hivi? Shiye tulihitaji chumba moja, na paa juu, pa kungojea bwato. Kama ungesema ukweli siku ile, tungekuomba ile. Wewe uko na musumeno. Uko na misumari."

Mnaelewa? Nilikuwa fundi. Nyuma ya nyumba ya yule fundi cherehani kulikuwa na mbao, na watu wawili waliotengeneza jukwaa la gwaride kwa siku mbili. Haikutupitia akilini hata mara moja kwamba kitu kidogo tunaweza kukijenga wenyewe. Tulisomeshwa kungoja jengo kubwa na mtu wa kulilipia, na wakati tunangoja tunachonga vitanda vya upana wa vidole viwili.

Alinipeleka shuleni kuona maketi. Ilikuwa kwenye kabati la mwalimu, paa limeinuliwa na kuwekwa kando, haina vumbi. Ndani sasa kulikuwa na watu. Njiti za kiberiti, zimepasuliwa na kuvishwa vitambaa vidogo, moja karibu na kila kitanda, na mkunga mnene mlangoni, ambaye hata mimi nilimtambua. Kwenye kona yangu, ile kali, zililala njiti tatu zilizoungua vichwa.

Nilimuuliza ni nini. Alisema ni akina mama waliofia njiani au ufukweni wakingoja mtumbwi, tangu siku nilipoleta sanduku. "Nilibaweka mule ndani," alisema, "bajue kama tulibatayarishia nafasi."

Sijui kama paa lingewaokoa. Nimejiuliza sana, na daktari mmoja rafiki yangu aliniambia huenda mmoja, yule aliyenyeshewa usiku kucha ufukweni, huenda hata yeye hapana. Lakini najua kwamba paa lilikuwa ndani ya uwezo wangu, na sikulitoa.

Nilituma habari Sange. Balagizi alifika na gunia lake, akaniangalia usoni, akauliza mti gani unapatikana karibu na ufuko. Mabati tuliyang'oa kwenye banda la ateliye yetu, tukayaacha makabati ya watu chini ya turubai. Watu wa mlima waliteremsha mawe yaleyale waliyoyapandisha, kwa salongo na siku zisizo za salongo. Tulijenga chumba kimoja hatua chache kutoka maji, mlango wake mpana, unatazama njia ya mlimani. Maman Nsimire alichora mwenyewe, kwa kijiti, ardhini, nami nilipima alivyochora. Siku ya mwisho alileta kipoyi halisi, watu wanne wakaingia nacho mbio, wakakiweka chini bila kugeuka. Balagizi alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Baadaye alirudi Sange. Hatukufanya kazi pamoja tena, na kosa halikuwa lake.

Maketi walinirudishia. Sikuitaka. Maman Nsimire aliifunga yeye mwenyewe kwenye sanduku la Balagizi, akaniambia chumba chao wanacho, hii ni yangu. Ndiyo ile pale juu ya kabati, na ndiyo sababu huwa nawakatalia kuweka vikombe karibu nayo. Ishusheni mkitaka. Lakini msiitazame kutoka juu. Mlale chini, hapo sakafuni, mtazame kupitia mlango, na mtaziona zile njiti tatu kwenye kona niliyoichora mimi. Alizigundisha kwa uji wa muhogo. Panya wamekula paa, wamekula nusu ya vitanda, hizo hawajazigusa.

Kile chumba cha ufukweni kilituchukua siku tisa.